Cha Sita Kisomwe Kwanza

Benchi letu limeegemea ukuta wa ghala la zamani la chama cha ushirika, hapa Bariadi, ukiwa unaelekea Somanda. Zamani mlangoni palikuwa na mizani, na msimu wa pamba ulikuwa huwezi kupita kwa marobota na watu. Sasa ni mwaka wa tisini na sita, soko ni huria, na mlango una kufuli la mnunuzi binafsi ambaye hatujawahi kumwona sura. Tunaokaa hapo ni wanne. Shigela tunamwita Redio, maana ana redio ya mkulima na kila habari anayo, hata ambayo haijatokea. Masele ni Waziri, kwa sababu anaongea kama anajibu maswali bungeni. Josia ni Spoku, fundi baiskeli. Mimi ni Karani. Nilikuwa karani wa chama miaka kumi na saba, wakanipunguza kazi kwa barua yenye mistari minne. Milembe ndiye mwenye birika na jiko, na ndiye pekee pale anayefanya kazi. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kumi tangu tumzike Nyanda, na mimi ndiye niliyemwambia Nyanda kitu kilichomuua. Nasema mapema ili usije ukadhani nakuficha.

Mlangoni pa ghala, juu ya kufuli, kuna karatasi. Tuliibandika kwa uji wa unga. Ni orodha ya Dokta Januarius, mzaliwa wa kijiji cha Ipililo, aliyefundisha chuo kikuu mpaka akastaafu, akarudi nyumbani na masanduku mawili na kikohozi. Alipenda kukaa nasi. Mwezi wa nane mwaka jana alikuja na vitabu nane ndani ya mfuko wa salfeti na karatasi hiyo, kaiandika kwa mkono wake: VITABU NANE KWA MTU ANAYETAKA KUIJUA SAYANSI, JAMII NA MAMBO YA UMMA. Kila kitabu kakiwekea neno lake pembeni. Cha kwanza, cha maji na maziwa: "Kigumu mwanzoni, vumilieni." Cha tatu, cha namna takwimu zinavyodanganya: "Nimegombana nacho miaka ishirini, na bado nakipenda." Cha sita kilikuwa kijitabu tu, cha dawa za mashambani, nakala mpya aliyotununulia kwa sababu yake ilishachakaa. Pembeni kaandika: "Hiki kisomwe kwanza. Ni kifupi."

Tukagawana, viwili viwili. Tukaweka utaratibu kwamba kila Alhamisi mmoja asimulie alichosoma, ili wote wanne tuwe tumesoma nane. Asiyesimulia anawanunulia wenzake kahawa. Dokta alifurahi mpaka akavua miwani akaifuta. Wiki ile ile wakampeleka Mwanza hospitali, na hakurudi isipokuwa ndani ya sanduku, mwezi wa kumi na mbili. Pale kaburini Ipililo, Waziri alisimama mbele ya watu wote akasema, "Dokta, lala salama, vitabu tumevimaliza." Watu wakaguna kwa heshima. Sisi watatu tukaangalia viatu vyetu.

Kwa sababu hakuna aliyesoma. Tulikuwa tunasimulia tu. Redio alisimulia cha maji kwamba ziwa linasogea hatua moja kila mwaka na wajukuu wetu watavua sato hapa hapa Bariadi. Waziri akasimulia cha takwimu akaishia kumsema diwani. Kila mmoja alimjua mwenzake, na kila mmoja alinyamaza, maana Alhamisi ijayo ilikuwa zamu yake. Macho yangu mazima, msije mkasema karani kazeeka. Nilikuwa nangoja siku ya utulivu.

Asubuhi hiyo ya siku ya kumi Milembe aligawa kahawa ya kwanza.

— Mwangaluka, akasema Redio, kama vile ndiyo kwanza anatuona.

— Mwangaluka, tukaitika.

— Mimi nimewaza usiku kucha, akasema. Nyanda hakuuawa na dawa. Kauawa na chupa.

— Chupa tena? akauliza Spoku.

— Aliinunua wapi ile dawa ya pamba? Gulioni. Kwenye nini? Kwenye chupa ya soda. Haina karatasi, haina jina. Huko Ulaya dawa ikishapita muda wake hawaimwagi, wanaipakia melini. Inakuja kwetu. Nimesikia.

— Umesikia wapi?

— Nimesikia, Josia.

Waziri akakohoa. Akikohoa hivyo ujue anataka kusimama.

— Ndugu zangu, tuseme ukweli. Zamani dawa ilitoka chama, na nyuma ya dawa alikuja bwana shamba na baiskeli yake, anakufundisha. Josho lilikuwa na maji na lilikuwa na dawa yake. Kupe walikuwa hawana pa kujificha. Leo josho limekauka, mbuzi wanalala ndani. Bwana shamba kapunguzwa, bwana mifugo kapunguzwa, Karani huyu hapa kapunguzwa. Nyanda angemuuliza nani?

Sote tulijua alimuuliza nani.

Alikuja Alhamisi, wiki tatu kabla. Nyanda wa njia ya Dutwa, mtu mrefu, mpole, hakwenda shule hata siku moja. Alikuwa ameleta gurudumu la baiskeli kwa Spoku. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, na mimi sikuwa na la kusimulia wala hela ya kahawa ya watu wanne. Nikatoa mfukoni kile kijitabu cha sita, kilichokuwa kwenye fungu langu. Jaladani kuna picha ya mtu, chupa na ng'ombe. Nikaanza. Nikasema kitabu kinasema dawa ya pamba inafaa kabisa kwa kupe, vizibo viwili kwa ndoo, unampaka ng'ombe kwa tambara. Nyanda akauliza, "Na mwenye kupaka, Karani?" Nikasema haina neno kwa mtu, imetengenezwa kwa viumbe visivyo na damu, damu yetu inaishinda. Sijui ilitoka wapi kinywani mwangu. Ilikaa vizuri tu, watu wakatikisa vichwa. Nyanda akavua kofia. "Kitabu kimesema hivyo?" Nikamwambia kimesema. Akasema, "Basi, kama ni kitabu."

Alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili. Aliwapaka wote peke yake, mikono mitupu, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kesho yake hakuamka tena kwa miguu yake. Ng'ombe wapo wazima, wamekufa ndama wawili tu.

— Mimi naona tunaangalia karibu mno, akasema Redio. Angalieni mbali. Benki ya Dunia walikuja, wakasema wafanyakazi ni wengi, punguzeni. Wakapunguzwa. Wakasema ng'ombe Usukumani ni wengi, punguzeni. Watu wakakataa. Sasa ukishindwa kumpunguza ng'ombe unafanyaje?

— Unampunguza mwenye ng'ombe, akasema Waziri, polepole, kama kaona mwanga.

— Ehee! Mmeona?

— Mbona basi hawakuanza na wenye mia tano? akauliza Spoku. Wakaenda kumchukua Nyanda wa arobaini?

— Wanajaribia.

— Acheni hizo, akasema Spoku. Mimi gurudumu lake nilimpelekea mwenyewe. Ule mji una kijicho. Jirani yake mmoja alikuwa anahesabu ng'ombe za mwenzie kila zikipita. Hii si dawa ya dukani. Dawa ilitumwa tu ipitie humo. Mtu anaweza kuoga dawa ya pamba akapona kama hana mtu nyuma yake.

— Na hata kama hakuna mtu, akadakia Waziri, kuna maji. Maji ya mwezi wa tatu ni baridi. Mtu kashinda ndani ya maji kutwa. Baridi inapanda mgongoni, inafika kwenye moyo. Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi? akauliza Milembe.

Waziri akanywa kahawa.

Niliwasikiliza. Msidhani ni wapuuzi hawa. Redio alilia msibani kuliko ndugu wa marehemu. Walikuwa wanamtafuta mtu mwingine wa kubeba lawama, yeyote, wa Ulaya, wa benki, hata mchawi, ili nisibebe mimi. Kila mmoja akimaliza alikuwa ananitupia jicho aone kama nimepata nafuu. Sikupata. Hasira ilinipanda, nikatamani mmoja wao anitukane.

— Mnamzunguka mtu, akasema Milembe. Alikuwa amepiga magoti anapuliza mkaa, hakugeuka. Siku kumi mnamzunguka. Mtamaliza kahawa yangu yote hamjafika.

— Mayu, mama, akasema Redio, tuache.

— Nimewaacha miezi saba, baba. Alhamisi zote nilikuwa hapa hapa. Mimi sijui kusoma, lakini najua mtu aliyesoma na mtu anayepiga domo.

Nikafungua mdomo. Wallahi siku hiyo nilitaka kusema. Nilikuwa nimeshafika kwenye neno la kwanza Waziri aliponigusa goti akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, kuna mtu anakuja."

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, kanga moja kajifunga kiunoni na nyingine mabegani, nywele zimenyolewa za msiba. Vumbi lilimfika magotini. Akapiga magoti mbele yetu, akatuamkia mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

— Inuka, mwanangu, akasema Waziri. Wewe wa nani?

— Mimi Nyamizi, ng'wana Nyanda.

Spoku akaweka kikombe chini. Nilisikia kilivyogonga ubao.

— Pole, mwanangu. Pole sana.

— Asanteni. Namtafuta mtu anaitwa Karani.

Na hapo Redio, Mungu amsamehe, akajibu kabla sijavuta pumzi:

— Karani hayupo. Kasafiri. Yuko Nyashimo kwa dada yake.

— Atarudi lini?

— Ah, huyo... hata mwezi unaweza kuisha.

Msichana akakaa juu ya visigino vyake. Hakulia. Alionekana tu kama mtu aliyetembea sana akakuta mlango umefungwa.

— Basi nimechelewa, akasema. Ukoo unakaa Jumapili.

— Unakaa kwa nini? akauliza Milembe.

— Kwa ajili ya mama. Baba mkubwa anasema mama ndiye aliyemwekea baba kitu kwenye uji. Anasema mtu hawezi kufa kwa kuosha ng'ombe. Watu wanaosha ng'ombe kila siku. Mama ana macho mekundu ya moshi, mnajua wanavyosema huko kwetu kuhusu mama mwenye macho mekundu. Jana usiku wametupa jiwe juu ya nyumba.

Sote pale tunajua mwanamke akishasemwa ni mchawi kinachofuata ni nini. Tumezika kina mama wa namna hiyo, na hakuna aliyeuliza sana.

— Sasa mimi nilikuwepo baba aliporudi kutoka hapa, akaendelea. Alifurahi. Alituambia, kuna kitabu kwa Karani, kimesema dawa ya pamba inafaa. Nimefika darasa la saba, najua kusoma. Nilitaka Karani anioneshe ukurasa. Nikanakili, nikawasomee Jumapili, waone kwamba baba alifuata kitabu, mama hana kosa. Ni ukurasa tu nautaka.

Redio alikuwa anaangalia redio yake. Haikuwa imewashwa.

— Ni mimi, nikasema.

— Karani... akasema Waziri.

— Niache, Masele. Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye Karani. Sijasafiri.

Akaniangalia. Nilitegemea chuki, ningeipokea. Lakini alichofanya ni kupiga magoti upya, akaniamkia tena, kwa kuwa mara ya kwanza hakujua kwamba ni mimi. Kisha akanyoosha mikono miwili kupokea.

Kilikuwa mfukoni mwa koti. Tangu msiba natembea nacho, sijui kwa nini. Nikakiweka mikononi mwake. Akakigeuza, akatazama picha ya mtu na chupa na ng'ombe, akataka kukifungua. Hakikufunguka. Akajaribu kwa ukucha. Akakiinua kwenye mwanga, akachungulia kwa pembeni, kama mtoto anayechungulia tundu la ufunguo.

Labda wewe hujawahi kuona kitabu cha namna hiyo. Kilichapwa kwa bei ndogo kwenye kiwanda kidogo, karatasi moja kubwa imekunjwa, ikakunjwa tena na tena mpaka ikawa kurasa kumi na sita, wakapiga pini katikati, lakini mikunjo hawakuikata. Lazima mwenye kusoma aikate mwenyewe kwa kisu. Kurasa zote zilikuwa zimeshikana bado. Haihitaji uwe umefika darasa la saba kuelewa maana yake.

— Hakijafunguliwa, akasema.

— Hakijafunguliwa, nikasema. Sikukisoma, mwanangu. Nilimwambia baba yako maneno ya kichwani mwangu, nikamwambia ni ya kitabu. Sikuwa na hela ya kuwanunulia hawa kahawa.

Nilidhani nikisema hivyo mbingu itaanguka. Pikipiki ilipita, mbuzi wa hoteli ya jirani akalia. Spoku alijifunika uso kwa mikono yake ya grisi. Milembe akainuka, akachukua kile kisu anachokatia tangawizi, akakifuta kwenye kanga, akampa msichana. Kisha akammiminia kahawa bila kumuuliza.

Nyamizi akakata. Alikata taratibu, mkunjo kwa mkunjo, asichane maandishi. Akaanza kusoma kwa sauti, kisomo cha shule, kidole chini ya mstari. Kurasa za mwanzo zilisema dawa ya shamba na dawa ya mifugo si kitu kimoja, hata kama muuzaji ni mmoja. Ukurasa wa tano akasimama, akarudia.

— "Dawa hizi huingia mwilini kupitia ngozi, hata kama ngozi haina jeraha. Usizishike kwa mikono mitupu. Usimpake nazo mnyama."

Akafungua ukurasa wa tisa.

— "Dalili za mtu aliyeingiwa na dawa. Jasho jingi. Mate kutoka bila kukoma. Mboni za macho kuwa ndogo sana. Misuli kutetemeka. Kifua kubana. Mvueni nguo, muosheni kwa maji mengi na sabuni, mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa ya dawa." Ndivyo alivyokuwa, akasema. Mate. Mama alikuwa anayafuta kwa kanga. Tulimfunika blanketi kwa sababu alikuwa anatetemeka. Hatukumvua nguo. Tulimfunika na nguo zile zile.

Milembe akasema neno la Kisukuma ambalo siwezi kulitafsiri, ni la mama mtu anapoona mtoto ameungua.

— Mwanangu, nikasema, ukurasa huo huo wasomee Jumapili. Huo ndio unaomtoa mama yako. Na mimi nitakuja. Nitasimama mbele ya baba yako mkubwa na ukoo wote, nitasema nilivyokwambia hapa.

— Watakupiga, akasema Redio.

— Wanipige.

— Tutakuja wote, akasema Waziri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ya mtu wa kawaida. Tulikuwa tunajua kwamba hakijasomwa. Tulikuwa tunajua na tukatikisa vichwa.

Nyamizi hakusema njooni, wala hakusema msije. Aliendelea kusoma mpaka ukurasa wa kumi na sita, hakuruka hata mstari. Alipomaliza nilitazama kivuli cha ghala, kilikuwa kimesogea kidogo tu. Haikufika nusu saa. Sisi tulikuwa nacho miezi saba.

Akakifunga, akakiweka kifuani ndani ya kanga, akasimama. Ndipo akaiona ile karatasi mlangoni. Akaisogelea, akaanza kuisoma kimyakimya tangu juu, midomo inacheza, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilijua atafika. Nilitaka kumwita, nimwambie kahawa yake inapoa, nimwambie chochote. Kidole chake kikatua kwenye cha sita.

— "Hiki kisomwe kwanza," akasoma. "Ni kifupi."

Akageuka. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa heshima yote, akitutazama mmoja mmoja.

— Wazee wangu, mlikuwa mnangoja nini?

Redio alimwangalia Waziri, Waziri akaniangalia mimi. Msichana alisubiri, alitupa muda wa kutosha kabisa. Kisha akatuaga na kushika njia ya kwao. Milembe akaanza kukusanya vikombe, vyote bado vina kahawa iliyopoa, akaimwaga chini kimoja baada ya kingine.